Kanda za Tamasha la Carnegie Hall, 1957

Tarehe 29 Novemba 1957, magwiji wa jazi, wakiwemo Billie Holiday, Dizzy Gillespie, Ray Charles na Sonny Rollins, walikutana katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York kwa tamasha la kuchangia kituo cha kijamii cha Morningside, mtaani Harlem. Sauti ya Amerika, yaani idhaa ya serikali ya Marekani inayotangazia nchi za ng'ambo, ililirekodi kwenye kanda za sumaku, ambazo ni tepe za plastiki zilizopakwa chembe za oksidi ya chuma zinazohifadhi sauti.

Kanda hizo zilisahauliwa hadi mwaka 2005, wakati Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani, katika kazi ya kuzihamishia kwenye mfumo wa dijitali, alipotambua kuwa zimebeba muziki wa kundi la mpiga piano Thelonious Monk, akiwa na John Coltrane kwenye saksafoni, Ahmed Abdul-Malik kwenye besi na Shadow Wilson kwenye ngoma.

Umuhimu wa kanda hizo ni kwamba kundi hilo, ingawa lilipiga kwa miezi kadhaa katika klabu ya Five Spot mwaka 1957, liliacha rekodi chache mno za studio. Hivyo albamu ya kanda hizo, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Blue Note mwaka 2005, iliwapa wasikilizaji na watafiti ushahidi wa wazi wa namna Coltrane alivyokomaa kisanaa kando ya Monk.