Tarehe ya Nachingwea na Ruangwa

Ukitoka Lindi ukafuata bonde la mto Lukuledi, unafika Nanganga, na hapo njia inagawanyika. Moja inakwenda Ndanda na Masasi, nyingine inakamata kaskazini-magharibi kuelekea Ruangwa, kisha Nachingwea. Ni nchi ya miombo na udongo mwekundu, yenye msimu mmoja wa mvua. Wenyeji wengi ni Wamwera, na wamechanganyika na Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika mambo ya watoto wa dada yake. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo unapofika wakati wa jando na unyago, na ngoma hukesha.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ilikata nchi hii ikiteremka Lindi na Kilwa na pembe za ndovu na watumwa. Wangoni nao walivamia vijiji. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, Selemani Mamba aliwaongoza Wamwera dhidi ya misheni ya Nyangao. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Haikupita hata miaka 15, vita vya wakubwa, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vikaja: Oktoba 1917 Waingereza waliteka Ruponda, mahali Wajerumani walipokuwa wamelundika chakula cha askari wao. Chakula hicho kilitokana na jasho la wakulima, na kilibebwa kwa vichwa vya wapagazi.

Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mradi wa karanga Tanganyika. Ilipanga kulima nchini humo ekari 2,400,000, na sehemu kubwa ya mashamba ilikusudiwa kuwa huku Kusini. Kwingine ilikuwa Kongwa na Urambo. Nachingwea ikageuka mji wa Wazungu na mabuldoza. Ukajengwa uwanja wa ndege, mashamba yakapewa namba, na reli ikatandazwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, hadi Nachingwea. Baadaye bandari mpya ikajengwa Mtwara na kuunganishwa na njia hiyo.

Fedha hazikupungua. Kilichokosekana ni subira. Reli na bandari hazijawa tayari, mitambo tayari inangoja kazi. Mizizi ya miti ikavunja majembe ya matrekta, na mvua haikufuata ratiba ya London. Hakuna aliyekaa chini na mama wa Kimwera amuulize yeye anapanda karanga wapi, mwezi gani, na kwa nini anazichanganya na mazao mengine. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Reli yenyewe ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru na vyuma vyake vikang'olewa. Kwangu mimi hasara ya reli ni kubwa kuliko ya karanga, maana mkulima wa Kusini angeitumia hadi leo.

Karanga hazikuondoka pamoja na Wazungu. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, waliendelea kuzishughulikia kwa miaka mingi, na miongoni mwa mbegu walizotoa iko inayoitwa Nachingwea 2009.

Shamba namba 17 lilipata historia nyingine kabisa. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilianza vita vya ukombozi Septemba 1964. Baada ya hapo Serikali ya Tanzania iliwapa wapiganaji wake eneo hilo, likawa kambi yao kuu ya mafunzo chini ya Samora Machel. Huko vijana wa Kimakonde, Kimakua na makabila mengine ya Msumbiji walijifunza kushika bunduki, kulima na kusoma. Wakufunzi wa Kichina walikuja kufundisha mbinu za vita vya msituni, na mwaka 1971 Samora mwenyewe alikwenda China. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wananchi wa hapa waliishi na siri ya kambi hiyo miaka kumi bila kuiuza, na heshima hiyo hawajalipwa.

Leo mali ni korosho, pamoja na ufuta na mbaazi. Msimu wa kupuliza sulfa mikorosho hufunikwa na vumbi la njano, na mabibo yakiiva pombe yake ya uraka haikosekani. Chama kikuu cha ushirika, RUNALI, kinaunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na minada ya stakabadhi ghalani imempunguzia nguvu mnunuzi wa kangomba anayemfuata mkulima wakati wa njaa. Ruangwa nayo imetoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2015 hadi 2025, na timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019.

Chini ya udongo wa Ruangwa kuna kinywe, madini yanayohitajika kwa betri za magari ya umeme, na China ndiyo inayoongoza duniani kuyasafisha. Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Mali hii isipite kama pembe zilivyopita. Ichakatwe huku huku, na vijana wa huku wafundishwe kazi hiyo.

Aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika Nachingwea sasa anakaribia 100. Halmashauri zote mbili, ya Nachingwea na ya Ruangwa, ziwatume walimu wa historia na vinasa sauti kwa wazee waliotandaza reli hiyo na kwa akina mama waliowauzia wapiganaji wa Shamba 17 mihogo. Waende mwaka huu.