Kikapu cha Stroberi za Porini
Jean Siméon Chardin (1699–1779)
Rangi ya mafuta kwenye turubai, 1761

Anza na ule mlima mwekundu. Chardin hakuchora stroberi moja moja. Ameweka doa la rangi juu ya doa, na jicho lako ndilo linalozitenganisha. Sogea karibu, matunda yanapotea na kubaki rangi tupu. Rudi nyuma hatua chache, yanarejea yakiwa yameiva. Kisha tazama bilauri, na usiiharakishe, kwani hapa ndipo ustadi wake ulipo mkubwa zaidi: maji hayana rangi, lakini ameyaonyesha kwa mwanga unaopenya kioo na weupe kidogo ukingoni. Maua mawili meupe, pichi na cheri vimewekwa kando ili kupoza wekundu ule.

Chardin alizaliwa Paris, mwana wa fundi seremala. Mwaka 1728 Akademia ya Kifalme ilimpokea kama mchoraji wa wanyama na matunda, daraja lililohesabiwa kuwa la chini. Heshima kubwa ilikuwa ya wachoraji wa visa vya dini na historia. Hata hivyo, Diderot, mwandishi mkali wa zama hizo, alimsifu waziwazi.

Mchoro huu ulionyeshwa mwaka 1761, kisha ukakaa muda mrefu mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2022 uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 24. Ufaransa iliutangaza kuwa hazina ya taifa, na maelfu ya watu wakachangia fedha ili Makumbusho ya Louvre iununue.