Akili Mnemba katika Kupanga Tiketi za Huduma kwa Wateja

Kupanga tiketi kwa akili mnemba ni kuiachia programu ya kompyuta kazi ya kusoma ujumbe wa mteja, kutambua unahusu nini na una haraka kiasi gani, kisha kuupeleka kwa mhudumu au idara inayohusika. Tiketi ni kumbukumbu inayofunguliwa kila mteja anapoleta shida yake, iwe kwa simu, barua pepe, ujumbe mfupi au WhatsApp. Huwa na namba yake na saa iliyofunguliwa, na hubaki wazi mpaka shida imalizike. Mahali pengi kazi hii bado hufanywa na mhudumu aliyepokea ujumbe: anausoma, anachagua kundi kwenye orodha, anausukuma mbele. Akikosea, tiketi hutangatanga baina ya idara, na mteja huambiwa asubiri na watu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kumsaidia.

Simu ndizo zilizotangulia kupangwa na mitambo. Mwaka 1973 kampuni ya Rockwell iliijengea Continental Airlines ya Marekani mtambo ulioitwa Galaxy, uliogawa simu za abiria kwa wahudumu waliokuwa huru. Mtambo huo ulijua nani ana nafasi, lakini haukujua mpigaji anataka nini. Hatua hiyo ya pili ilichukuliwa na watafiti wa kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 1997 Allen Gorin na wenzake walieleza mfumo uliomwacha mpigaji aseme haja yake kwa maneno yake mwenyewe, kisha ukaiweka katika mojawapo ya aina chache zilizopangwa, ikiwemo moja ya “nyinginezo”. Mfumo ulifunzwa na kujaribiwa kwa mkusanyiko wa mazungumzo 10,000 ya kweli kati ya wateja na waendesha mitambo ya simu.

Kanuni haijabadilika sana tangu wakati huo. Modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, hupewa tiketi za zamani ambazo watu wameshazipangia makundi, hujifunza ni maneno gani huambatana na kundi gani, kisha kwa kila tiketi mpya hutoa makisio yenye kiwango cha uhakika. Modeli za awali zilihesabu maneno tu. Zile zilizofuata BERT, iliyotolewa na Google mwaka 2018, husoma neno pamoja na yanayolizunguka. Modeli kubwa za lugha za sasa zinaweza kupanga ujumbe hata kwa kupewa maelezo ya makundi bila mifano mingi. Mfano unaojulikana vizuri ni COTA ya Uber, iliyoelezwa hadharani mwaka 2018. Mfumo huo ulimpendekezea mhudumu makundi na majibu machache yaliyoelekea kufaa, na uamuzi ulibaki kwake.

Ugumu mkubwa umo katika orodha ya makundi, jambo ambalo wauzaji wa programu hizi hulipita haraka mno. Chukua ujumbe ambao Mtanzania yeyote anaufahamu: “Nimenunua umeme, pesa imekatwa, tokeni haijaja.” Shida inaweza kuwa kwa kampuni ya simu iliyokata pesa, kwenye LUKU, mfumo wa shirika la umeme TANESCO wa kununua umeme kwa malipo ya kabla, au mahali fulani kati yao. Aliyeandika hajui, wala si kazi yake kujua. Modeli iliyopewa makundi mawili tu, “malipo” na “umeme”, itachagua moja kwa sababu imelazimishwa kuchagua. Modeli kubwa zaidi haitaondoa tatizo hilo. Kinachosaidia ni kuwepo kwa kundi la muamala uliokwama, lenye mhudumu anayeweza kuufuatilia pande zote mbili.

Tena makosa hayalingani uzito. Mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo sahihi ana dakika chache kabla mpokeaji hajazitoa kwa wakala. Ujumbe wake ukitupwa kwenye “maswali ya jumla”, anaweza kupoteza kodi ya nyumba. Swali la kawaida likiwekwa kwenye foleni ya dharura, mhudumu hupoteza dakika moja. Kwa hiyo haifai kutumia kipimo kimoja cha uhakika kwa makundi yote. Pale penye hasara kubwa, shaka ndogo tu itoshe kumfikisha mteja kwa binadamu, hata kama jambo hilo litashusha asilimia ya usahihi inayopendeza kwenye ripoti.

Kiswahili nacho kina ugumu wake. Habari nzima ya sentensi inaweza kukaa ndani ya kitenzi: “imerudi” na “haijarudi” zina mzizi mmoja, na modeli inayokata viambishi ili ibaki na mzizi hutupa kile hasa ambacho mhudumu anahitaji kukijua. Juu ya hapo, wateja hawaandiki kwa tahajia ya vitabuni. “Sijapata” huwa “cjapata”, “sasa” huwa “xaxa”, na ujumbe kutoka Nairobi unaweza kuchanganya Kiswahili, Sheng na Kiingereza katika mstari mmoja. Modeli iliyofunzwa kwa lugha ya magazeti hufaulu majaribio ya ofisini, kisha ikawaangusha watu hao.

Afrika Mashariki ina mifano ya kazi hii nje ya biashara. Nchini Uganda, UNICEF ilianzisha U-Report mwaka 2011 ili vijana watume maoni kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ulipozidi uwezo wa watu kuusoma, IBM ilisaidia kutengeneza mfumo wa kuupanga kwa mada na kuutenga uliohitaji hatua ya haraka. Nchini Kenya, huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health hupokea maswali ya wajawazito na kina mama waliojifungua. Akili mnemba huyapanga kwa uzito, ili anayeeleza dalili za hatari, kama kutokwa damu, amfikie mhudumu wa dawati la msaada kabla ya anayeuliza kuhusu chakula. Shirika hilo pia limetengeneza UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyojengwa juu ya Llama ya Meta.

Mfumo ukishaanza kazi, ukaguzi wake huelemea upande mmoja. Tiketi iliyopandishwa daraja kimakosa hugunduliwa mara moja, maana mhudumu anaifungua na kuona haina dharura. Iliyoshushwa kimakosa hukaa kimya, na mteja akichoka kusubiri na kuacha kuandika, kumbukumbu huonyesha kwamba shida imekwisha. Timu zilizo makini huchota kila wiki tiketi kadhaa za foleni ya chini bila kuchagua, zikasomwa na watu kwa macho yao, na zile zilizofungwa bila jibu la mteja huhesabiwa peke yake.