Joto la Kuazima

Januari moja nilikwenda kumtembelea dada yangu Norwich, mji ulio mashariki mwa Uingereza, na ndani ya siku tatu nikawa nimemvurugia bajeti ya mwezi mzima. Dada anafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Nje ya nyumba yake, karibu na mlango wa jikoni, kuna boksi kubwa la chuma lenye feni. Ukiliona utadhani ni lile la kiyoyozi linaloning'inia nyuma ya maghorofa ya Kariakoo. Yeye huliita "friji la nje". Kazi yake, cha ajabu, ni kupasha joto nyumba nzima pamoja na maji ya kuoga.

Mimi nimekulia Dar es Salaam. Kwetu ukitoka chumbani unazima kiyoyozi, la sivyo uniti za LUKU zinaisha na maneno utayasikia. Basi kila dada alipoondoka jioni, nilijifunika mablanketi mawili nikazima mtambo. Alfajiri, akikaribia kurudi, nikawasha na kupandisha hadi nyuzi 26 ili nyumba iwahi kupata joto. Nilijiona mtu wa maana sana. Siku ya tatu alifungua simu akaangalia matumizi ya umeme, akanyamaza kidogo.

"We mtoto, umefanya nini? Hiyo ni hela ya dawa za mama."

Nikajitetea kwamba nilikuwa nabana matumizi. Akacheka kwa uchovu. "Wewe si ndo msomi wa familia? Kaa chini uisome hiyo mashine."

Nikakaa chini. Nilichokikuta si maelekezo ya vitufe tu, ni historia ya miaka zaidi ya 170, na sehemu ya historia hiyo inatuhusu sisi wa nchi za joto kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na mashine yenyewe. Pampu ya joto haitengenezi joto. Inalitoa mahali pamoja na kulipeleka pengine. Hewa ya nje yenye nyuzi 3 kwetu ni baridi ya kufa mtu, lakini ndani yake bado kuna joto. Mle kwenye boksi mna gesi maalumu inayochemka hata kwenye ubaridi. Inapochemka inafyonza joto la hewa ile. Kisha kompresa inaigandamiza, nayo inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo kwa nguvu. Joto hilo linapewa maji yanayozunguka ndani ya nyumba. Gesi inapoa, inapita kwenye tundu jembamba, inarudi kuanza upya. Gusa mgongo wa friji lako utakuta vuguvugu: ni joto la mchicha na maziwa yako, limehamishwa. Kwa uniti moja ya umeme, pampu nzuri inaweza kuingiza ndani uniti tatu za joto, kwa sababu mbili imeziazima nje.

Mtu wa kwanza kueleza wazi kwamba nyumba inaweza kupashwa moto kwa njia hii alikuwa William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin. Mwaka 1852 aliandika makala fupi kuhusu kupasha na kupoza majengo kwa mashine moja ileile. Wazo hili lilikua katika mazungumzo kuhusu joto, wala si baridi. Miaka michache kabla, mnajimu wa Scotland, Piazzi Smyth, aliyekuwa amefanya kazi Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, alikuwa amependekeza namna ya kupoza hewa ya vyumba katika nchi za joto. Waingereza waliokuwa India walikuwa wakitota jasho. Thomson akaona kwamba mashine ya kumpoza Mwingereza wa India, ukiigeuza, ingempasha moto Mwingereza wa Glasgow.

Upande wa pili wa bahari, John Gorrie, daktari wa Florida, alikuwa anahangaika na wagonjwa wa homa. Akatengeneza mashine ya barafu ili kupoza vyumba vyao, akapata hataza mwaka 1851. Hakupata wa kumpa mtaji. Alifariki mwaka 1855 akiwa amefilisika. Na kwa wapenzi wa vitabu: mtambo wa mwaka 1902 wa Willis Carrier, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, ulibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji pale Brooklyn. Unyevu wa kiangazi ulikuwa unavimbisha karatasi, rangi zinakosa kukaa mahali pake. Kumbe karatasi ilihurumiwa kabla ya mchapaji!

Sasa mbona wazo la Thomson la kupasha nyumba halikujengwa? Jibu ni makaa ya mawe. Yalikuwepo tele na bei yake ilikuwa chini. Nani ahangaike kuazima joto wakati anaweza kuchoma? Nilipoendelea kusoma niliona jambo hili likijirudia kila kizazi: mashine hii hukumbukwa wakati wa dhiki na husahauliwa dhiki ikipita.

Uswisi haikuwa na makaa ya mawe ya kutegemea, ila ilikuwa na mito na umeme wa maporomoko. Mwaka 1938 ukumbi wa baraza la mji wa Zürich uliwekewa pampu ya joto iliyochota joto kutoka mto Limmat, unaopita pembeni yake. Ilipasha jengo wakati wa baridi na kulipoza wakati wa kiangazi, nayo ilidumu hadi mwaka 2001. Vita ya pili ilipokata usafirishaji wa makaa, Waswisi walikuwa tayari na njia nyingine mkononi.

Halafu nikakutana na Norwich. Yaani mji huohuo niliokuwa nimekaa nimejikunja na mablanketi! John Sumner, mhandisi wa umeme wa mji, aliamua wakati wa vita kujenga pampu ya kupasha jengo la idara ya umeme ya manispaa, kwa kuchota joto la mto Wensum. Vifaa vipya havikupatikana, hivyo akaunganisha vyuma vya mitumba, kompresa kuukuu na gesi ya salfa dayoksaidi. Mwaka 1945 ikaanza kazi, na ilirudisha joto zaidi ya mara tatu ya umeme iliyotumia. Jumapili moja nilikwenda kusimama kando ya ule mto. Maji yalikuwa meusi, mabata yamejikunyata. Nikajaribu kuwaza kwamba katika maji yale mtu alichota joto la kuwatosha makarani wa ofisi nzima.

Mwaka 1951 ukumbi mpya wa muziki wa London, Royal Festival Hall, nao ulipewa pampu ya kuchota joto la mto Thames, lakini haikudumu. Mwaka 1965 gesi ikagunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini, na kati ya 1967 na 1977 Uingereza ikabadilisha majiko na mitambo ya mamilioni ya nyumba ili zitumie gesi hiyo. Nyumba nyingi zikaja kuwa na boila. Kazi ya Sumner ikawa habari za wazee.

Uswidi ilipita njia nyingine. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliikuta nchi hiyo ikipasha nyumba zake kwa mafuta ya kuagiza. Bei zilipopaa, wakageukia joto la pamoja la mitaa na pampu za joto, na hawakurudi nyuma mafuta yaliposhuka. Ndiyo maana leo boksi lenye feni ni kitu cha kawaida kule, wakati kwa jirani wa dada yangu bado ni kioja. Kisha ikaja 2022. Urusi iliivamia Ukraine, gesi ikapanda bei, Ulaya nzima ikakimbilia pampu. Mwaka uliofuata bei zikaanza kutulia, na mauzo nayo yakashuka. Wanadamu ni walewale.

Mabadiliko ya karibuni yalipita Afrika Mashariki. Gesi za kwanza za friji zilikuwa sumu au zililipuka. Zikafuata zilizoundwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, salama kwa mtu, ila baadaye ikajulikana zinatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini zikivuja zinaongeza joto duniani kuliko hewa ukaa. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Mashine nyingi mpya sasa zinatumia propani, ndugu wa karibu wa gesi iliyomo kwenye mtungi wako wa jikoni.

Turudi kwenye kosa langu. Nilipozima usiku, kuta na sakafu zilipoa. Nilipodai nyuzi 26 kwa mkupuo, pampu haikuweza peke yake, ikaita hita ya akiba iliyomo ndani ya mtambo. Hita hiyo ni ndugu wa ile tunayotumbukiza kwenye ndoo: uniti moja ya umeme, uniti moja ya joto, basi. Faida yote ya kuazima ikapotea. Vilevile pampu hupenda kupeleka maji ya vuguvugu, nyuzi 35 au 45, kwa saa nyingi. Ukiitaka itoe maji ya moto sana kwa haraka, kompresa inahenya na bili inapanda. Boila unaliamrisha. Pampu unaipa muda.

Siku zilizobaki tuliiacha kwenye nyuzi 19, usiku na mchana. Maji ya kuoga tuliyapangia mchana, wakati hewa ya nje imepata nafuu kidogo, yafike nyuzi 50, na mara moja kwa wiki 60 ili kuua bakteria. Asubuhi boksi lilipofunikwa na barafu na kuanza kufuka mvuke, sikupiga kelele tena kwamba linaungua. Lilikuwa limejigeuza kwa dakika chache, likiazima joto la ndani kuyeyusha barafu yake lenyewe. Kugeuka huko ndiko kulikokuwa kwenye makala ya 1852.

Nilirudi Dar mwezi Februari, mwezi wa jasho. Ofisini kwetu kiyoyozi kiko nyuzi 18 na wenzangu wamevaa masweta. Nilitoka kununua karanga na kwa mara ya kwanza nikaangalia lile boksi lilipofungwa: juu ya kichochoro, usawa wa kichwa cha mama anayeuza. Joto lote tunalolikataa ndani linamshukia yeye, mchana kutwa. Mtaa wa pili kuna hoteli ambayo inatupa joto la vyumba hamsini barabarani, na papo hapo inalipa umeme mwingine kuchemsha maji ya wageni.

Nilimuuliza yule mama kama hilo boksi linamsumbua. Akanifungia karanga, akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani ni la kunikaushia karanga."

Siku hiyo nilipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25. Kesho yake nilikuta mtu amekirudisha 18.