Siku Moja Usita wa Mui

Kuna maneno ambayo mgeni wa Lamu huyasikia mapema kabisa, hata kabla hajapata kikombe cha kahawa: hapa hakuna kilichobadilika. Vijana wanaotembeza wageni wanayasema, mabango ya hoteli yanayasema, na sisi wa Mombasa na Nairobi tunayarudia tukipandisha picha mtandaoni. Punda, mlango wa nakshi, machweo. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo ni kama tumekubaliana kwamba Lamu ni picha iliyotundikwa ukutani.

Mimi nilikuwa na siku moja tu. Nilifika asubuhi kwa boti kutoka Mokowe, baada ya usiku mzima ndani ya basi, na ilibidi nivuke tena kabla ya magharibi. Siku moja ni fupi, lakini mji wenyewe si mkubwa. Ukianzia Mkomani upande wa kaskazini, ukateremka hadi Langoni kusini bila kusimama, safari inaisha kabla hujachoka. Kazi ni kusimama.

Tuanze na njia. Ile inayopita ufuoni, yenye majengo ya matao na mashua zilizofungwa mbele yake, ndiyo inayopigwa picha kuliko zote. Basi ndiyo changa. Njia kuu ya zamani iko nyuma yake, ndani kidogo, na watu wa Amu huiita Usita wa Mui. Usita ni njia, mui ni mji. Kiamu kimeidondosha ile j na hakijaikosa. Ngome ya Lamu, ambayo leo imekaa ndani nyuma ya uwanja wa Mkunguni, ilijengwa ukingoni mwa maji. Bahari ndiyo iliyosogezwa. Kuanzia karne ya 19 ufuo ulijazwa taka na vifusi mpaka ikapatikana ardhi ya kujenga safu mpya ya majengo. Kwa hiyo ule uso wa mji tunaousifu kwa ukale wake ni kazi ya watu waliotaka mambo mapya: maduka, maghala, nyumba zenye roshani za kutazama vyombo vikiingia.

Nilikaa Mkunguni, chini ya mti, nikanunua kahawa chungu na kashata. Pembeni wazee wawili walikuwa wanacheza bao na wengine sita wanawafundisha namna ya kucheza. Nikamwamkia aliyekuwa karibu nami, sabalkheri mzee, akanijibu na kuniuliza natoka wapi. Mombasa. Akacheka. "Mwanangu, nyinyi tuliwapiga pale Shela."

Vita vyenyewe vilipiganwa kati ya 1812 na 1814, vitabu havikubaliani mwaka, lakini mzee alivisimulia kama mechi ya juzi. Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walishuka ufuoni Shela wakitaka kuutia mji huu mkononi. Lamu wakawarudisha nyuma. Masimulizi ya hapa yanasema maji yalikuwa yametoka, vyombo vimekwama mchangani, na waliokimbia hawakuwa na pa kwenda. Mzee aliishia kwenye ushindi. Lakini sehemu inayonivutia mimi ni ile inayofuata: walioshinda waliingiwa na hofu. Waliwaza Mombasa watarudi, wakapeleka ujumbe Omani kwa Seyyid Said kuomba ulinzi. Ulinzi ulikuja, pamoja na liwali na askari wake. Ngome iliyoanza kujengwa karibu wakati huo ilikamilika 1821, chini ya mkono wa Omani. Mji uliopigana usitawaliwe na jirani ukajitafutia mtawala wa mbali. Historia ya pwani yetu ina biashara nyingi za namna hii.

Kisha ngome ikawa jela. Kuanzia 1910 hadi 1984 serikali, ya mkoloni kwanza na ya Kenya huru baadaye, ilifunga watu ndani ya zile kuta. Leo ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na ukipanda juu unapata upepo mzuri na mwonekano wa mapaa yote. Nilipokuwa kule juu nilitazama Manda, kisiwa cha ng'ambo, ambako wageni wengi hushukia kwa ndege. Huko Manda ndiko Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu, alikowekwa kizuizini miaka ya hali ya hatari. Shajara aliyoiandika kwa kuificha ikaja kuwa kitabu, na kitabu kikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984, mwaka ule ule ngome ilipoacha kuwa jela. Ni sadfa tu, najua. Lakini kwa Wakenya wengine, neno "Lamu" lilimaanisha kupelekwa mbali na kwenu usisikike tena. Hakuna bango la hoteli linalotaja hilo.

Mchana niliingia Mkomani. Hapa ndipo penye zile nyumba za mawe zinazoleta watu kutoka pande zote za dunia, nyingi ni za karne ya 18 na 19. Niliingia ile iliyogeuzwa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, na nakushauri ukienda uanzie hapo, maana baada yake utaanza kuusoma mji. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe, mgeni asiye wa ndani anaishia hapo. Ukivuka, unakutana na kiwanda, ua ulio wazi juu. Halafu misana miwili, mirefu na myembamba, na nyuma yake ndani, chumba cha mwenye nyumba na mkewe. Kila hatua inakupandisha kidogo na kukuingiza kwenye giza zaidi, yaani heshima imepimwa kwa ngazi. Nyuma kabisa iko nyumba kati. Humo wanawake walijifungulia, na humo humo maiti waliosha. Chooni kuna birika la maji, na desturi ilikuwa kuweka samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu.

Kwa nini vyumba ni vyembamba hivi? Kwa sababu ya boriti. Dari linashikwa na miti ya mikoko, na mkoko wa kubeba uzito wa chokaa na mawe una urefu wake, karibu mita tatu basi. Mti ndio uliokata upana wa maisha ya watu. Boriti hizo hizo zilijenga nyumba za Ghuba pia, zikipelekwa na majahazi mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Ukutani, kule ndani, kuna zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya plasta vilivyochorwa kwa mkono, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure za China. Hapa kila mtu anatoa simu. Na mimi nilitoa. Karibu miaka mia mbili iliyopita Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliviona vishubaka kama hivi katika magofu ya Pate, vitupu, ndege wamejenga viota, akatunga Al-Inkishafi. Tunadhani kulilia mji wa kale ni jambo la kizazi chetu chenye kamera. Washairi wa visiwa hivi walikwisha kulifanya, na wao walilia wakijua walichopoteza.

Sisi hatujui vizuri. Katika nyumba nyingi za aina hii, chini palikuwa ghala na makao ya watumwa, na mwenye nyumba aliishi juu. Ile kaure ilinunuliwa kwa faida ya biashara na ya mashamba ya bara, upande wa pili wa maji, ambako watumwa walilima nafaka na ufuta. Waliobeba mawe, waliochoma chokaa, waliokata mikoko matopeni, wengi wao hawakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria pwani mwaka 1907. Mashamba yakakosa wa kuyalima. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901 na meli zote zilikuwa zinakwenda Mombasa. Lamu ikaishiwa.

Na hiyo ndiyo sababu nyumba bado ziko. Mtaa wa Yanaka kule Tokyo watu huuendea kwa mapenzi kwa sababu uliponea tetemeko la 1923 na mabomu ya vita. Lamu iliponea fedha. Hapakuwa na mtu wa kuvunja nyumba ya babu ajenge ghorofa, kwa kuwa hapakuwa na pesa za ghorofa. Tunachokiita uzuri wa kale kwa sehemu kubwa ni umaskini wa miaka sabini uliokaa kimya mpaka wageni wakaja kuupenda. Mji wa kale ulipotangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, wenye nyumba waliambiwa wajenge upya kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ni sheria nzuri, naiunga mkono, lakini chokaa na boriti havigawiwi bure. Asiyeweza anauza. Anayenunua mara nyingi ni Mzungu, anairekebisha nyumba vizuri kweli kweli, na anaiishi mwezi mmoja kwa mwaka.

Alasiri nikateremka Langoni. Simu nyingi zinarudi mfukoni hapa. Nyumba nyingi ni ndogo na mpya, maduka yamebanana, redio, watoto, harufu ya mahamri na mafuta ya samaki. Huku ndiko walikokaa waliokuja baadaye na waliochelewa kukubaliwa: Wahadhrami maskini, Wangazija, Wabajuni, na watumwa walioachwa huru. Na huku, pembezoni mwa mji wa wakati ule, ndiko Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikojenga msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20. Alifundisha watu ambao wakubwa wa Mkomani hawakuona haja ya kuwafundisha, na akaruhusu matari msikitini. Wanazuoni wa mji hawakufurahi. Alifariki 1935, na maulidi aliyoyaanzisha leo ndiyo siku kubwa kuliko zote Lamu, wanakuja watu kutoka Afrika Mashariki nzima. Ukitafuta kitu cha zamani ambacho bado kina pumzi, kiko hapa, upande usiopigwa picha.

Muda wangu ulikuwa unaisha. Ufuoni pale Langoni kulikuwa na mashua imejaa matofali ya matumbawe kutoka Maweni, kule Manda, ambako machimbo bado yanafanya kazi na wachimbaji wengi ni watu waliotoka bara kutafuta riziki. Vijana wawili walikuwa wanashusha, mmoja anampasia mwenzake, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Nilimwuliza aliye karibu mawe yanakwenda wapi.

"Shela," akasema. "Kuna nyumba ya kizamani inajengwa."