Kifo cha Lord Erroll

Msomaji uliyekulia Mboghoni, au mahali po pote katika nchi ya Taveta, huna haja ya kuelezwa mlowezi tajiri alikuwa mtu wa namna gani. Jumba la Ewart Grogan lingali juu ya kilima chake, na habari za mashamba yake ya mkonge umezisikia kwa wazee. Huyu Grogan ndiye yule ambaye mwezi wa Machi 1907 aliwachapa viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, umati wa Wazungu ukitazama. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, kisha akaendelea kuwa mkubwa wa nchi kama alivyokuwa. Nimeanza na kisa hicho kwa sababu moja tu. Nataka ukumbuke tangu sasa kwamba katika Kenya ya siku zile mizani ya sheria haikuwa moja kwa watu wote. Habari ninayokusimulia ilitokea Nairobi miaka thelathini na minne baadaye, na bila kumbukumbu hiyo utaielewa nusu tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, yapata saa tisa, wachukuzi wawili wa maziwa, Waafrika, walikuwa wakielekea Nairobi. Karibu na Karen waliona motokaa aina ya Buick imeacha njia na kutumbukia katika shimo la changarawe, taa zake zikiwaka. Ndani yake, chini mbele ya kiti, mlikuwa na Mzungu amejikunyata kama mtu anayejificha. Alikuwa amekufa. Masimulizi mengi ya kisa hiki huwataja watu hao wawili kwa kazi yao tu, bila majina; ya kila Mzungu aliyekunywa kinywaji pamoja na marehemu wiki ile yamehifadhiwa yote.

Marehemu alikuwa Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, mwenye umri wa miaka 39. Ukoo wake ni katika koo kubwa kabisa za Scotland. Alifika Kenya mwaka 1924, akawa mmoja wa kundi la Wazungu waliojulikana kwa ulevi, kamari na kunyang'anyana wake. Lakini usidhani alikuwa mlevi tu. Mwaka 1939 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na vita vilipoanza alipewa kazi ya Katibu wa Kijeshi. Katika majuma yale yale askari wa KAR na wenzao walikuwa wakijiandaa kuingia Somalia ya Kitaliani na Uhabeshi, wengi wao wasirudi. Kifo cha mtu mmoja aliyetoka karamuni kilizungumzwa Nairobi kuliko vifo vyao vyote.

Hapo kwanza ilidhaniwa kuwa ni ajali ya motokaa. Watu waliokuja kutazama walikanyaga huku na huku, maiti ikaondolewa kabla ya kupigwa picha mahali ilipokuwa, na alama nyingi zikapotea. Ni huko chumba cha maiti tu, damu iliposafishwa, ndipo lilipoonekana tundu la risasi nyuma ya sikio. Mtu akikuuliza kwa nini siri hii haikufumbuliwa, unaweza kumwambia kwamba sehemu kubwa ya jibu ilikanyagwa asubuhi ile kando ya barabara ya Ngong.

Aliyeshukiwa alikuwa Sir Jock Delves Broughton. Huyu alirithi mwaka 1914 mashamba makubwa ya Doddington katika jimbo la Cheshire, Uingereza, akauza sehemu kubwa ya urithi huo. Mwezi wa Novemba 1940, akiwa na miaka 57, alimwoa mjini Durban msichana aitwaye Diana Caldwell, wa miaka 27, wakaja Kenya mwezi ule ule. Kabla ya ndoa walipatana jambo la ajabu: Diana akimpenda kijana mwingine, mumewe hatamzuia, atampa talaka na pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Majuma machache hayakupita, Diana akampenda Erroll, na wala hawakuficha.

Tarehe 21 Januari Broughton aliripoti polisi kwamba ameibiwa bastola zake mbili aina ya Colt. Jioni ya tarehe 23 wote walikula pamoja katika klabu ya Muthaiga. Broughton akasimama mbele ya wageni, akainua bilauri, akawatakia mkewe na Erroll heri na mtoto wa kurithi. Kisha akamwomba Erroll amrudishe Diana nyumbani Karen kabla ya saa tisa za usiku. Erroll alifanya kama alivyoombwa. Alimfikisha Diana yapata saa nane na nusu, akaondoka peke yake, na muda mfupi baadaye akakutwa amekufa, kiasi cha maili mbili na nusu kutoka nyumba ile.

Hebu pima mwenyewe. Mgeni mmoja aliyelala katika nyumba ya Broughton, bibi mmoja wa Kizungu, alieleza kwamba mwenye nyumba alibisha mlangoni pake mara mbili usiku ule, yapata saa nane na tena saa tisa u nusu, akiuliza kama ni mzima. Katikati ya saa hizo hakuna aliyemwona. Je, mzee wa miaka 57, mwenye mguu mbovu na asiyeona vizuri gizani, kama alivyosema mwenyewe, aliweza kutoka dirishani, kujificha katika kiti cha nyuma cha motokaa, kuua, na kurudi kwa miguu maili mbili na nusu kabla ya saa tisa na nusu? Wako wanaosema aliweza. Mimi naona ni vigumu kwa mtu aliye peke yake, na si vigumu kwa mtu mwenye msaidizi.

Polisi walimshika tarehe 10 Machi. Diana, ambaye alikuwa amempoteza mpenzi na sasa angempoteza mume, alisafiri mwenyewe mpaka Johannesburg kumtafuta wakili Harry Morris, aliyesifiwa sana Afrika ya Kusini. Mashitaka yalianza kusikilizwa tarehe 26 Mei 1941 mbele ya Jaji Mkuu, Sir Joseph Sheridan.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo shauri lilipogeuka. Ndani ya mtutu wa bastola huchongwa mifereji myembamba inayozunguka, ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda sawasawa. Mifereji hiyo huacha alama juu ya risasi. Upande wa mashitaka ulionyesha kwamba Broughton alipata kufanya mazoezi ya shabaha katika shamba la rafiki yake huko Nanyuki, na risasi zilizookotwa huko zilifanana na iliyomwua Erroll. Palikuwa hata na dalili za baruti nyeusi, ambayo wakati ule ilikuwa imekwisha kuachwa na watu wengi. Ulikuwa ushahidi mzito. Morris akamwuliza mtaalamu: risasi hii ina alama ngapi, nazo zinaelekea wapi? Alama tano, zikizunguka kwa kulia. Na bastola ya Colt ina mifereji mingapi? Sita, ikizunguka kwa kushoto. Basi risasi hii haikutoka katika Colt? Haikutoka. Nazo bastola mbili za Broughton, kwa vyeti vyake vya serikali, zilikuwa Colt.

Tazama jinsi jengo lilivyoanguka. Kwa kushikilia kwamba risasi za Nanyuki na za Karen zimetoka katika bastola moja, serikali ilijifunga kuonyesha kwamba Broughton alikuwa na bastola ya tatu, na bastola hiyo hakuna aliyeileta mahakamani. Tarehe 1 Julai juri lilimwona hana hatia, akaachiliwa.

Je, juri lilikosea? Mimi nasema halikukosea. Swali lililowekwa mbele yake halikuwa kama Broughton ana sababu ya kuua, kwa kuwa sababu alikuwa nayo, bali kama imethibitishwa kwamba aliua, na haikuthibitishwa. Lakini jiulize juri hilo lilikuwa la nani. Kwa sheria ya Kenya wakati ule, Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri la Wazungu wenzake. Mwafrika hakuwa na juri. Alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee washauri, ambao maoni yao jaji aliweza kuyaacha. Wala wengi hawakuwa na mtu wa kupanda ndege kwenda Johannesburg kuwatafutia wakili anayejua hesabu ya mifereji katika mtutu. Shaka iliyomwokoa Broughton ilikuwa shaka ya haki. Ila ilinunuliwa kwa fedha, na wako walionyongwa Nairobi ambao shaka zao hakuna aliyezitafuta.

Majina mengine yametajwa tangu siku hizo. Ametajwa Diana mwenyewe. Ametajwa Alice de Janzé, mpenzi wa zamani wa Erroll, ambaye mwaka 1927 alimpiga risasi mwanamume mmoja katika kituo cha gari la moshi mjini Paris, na ambaye alijiua mwezi wa Septemba 1941. Wako wanaoamini kwamba ni wapelelezi wa Kiingereza waliomwua, kwa sababu mwaka 1934 Erroll alijiunga na chama cha Mafashisti wa Uingereza. Nadharia hiyo hunogesha vitabu, lakini sijaona ushahidi wa kuisimamisha. Lenye uzito zaidi ni neno la Juanita Carberry, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati ule. Alisema miaka mingi baadaye kwamba Broughton alimwungamia mwenyewe, siku chache baada ya mauaji. Huenda ni kweli. Ushuhuda uliokaa kimya miaka mingi namna hiyo haukatazwi kusikilizwa, lakini msomaji wa historia huuweka rafu ya peke yake.

Broughton alirudi Uingereza, na tarehe 5 Desemba 1942 alikufa katika hoteli moja mjini Liverpool kwa kujidunga mofini kupita kiasi. Diana alibaki Kenya. Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa ng'ombe, na mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, akawa bibi wa mojawapo ya mashamba makubwa kuliko yote nchini. Aliishi mpaka mwaka 1987, na habari za usiku ule hakupenda kuzizungumza. Bastola yenye mifereji mitano haikuonekana kamwe.