Kopo la Rangi na Mkono Usioficha

Picha za Lakshmi na Saraswati tunazozitundika majumbani zina historia yake. Raja Ravi Varma (1848–1906) wa Kerala alijifunza rangi za mafuta kwa kumtazama mchoraji wa Ulaya. Mwaka 1894 alianzisha kiwanda cha kuchapa picha huko Bombay, na kazi zake zikaingia hata katika nyumba za wanyonge. Wachoraji wengi waliomfuata walizifanya sura hizo kuwa kielelezo chao.

Hapa Tanzania tunaye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli. Hakuuficha ufundi wake. Jamaa zake waliketi kando yake wakajifunza. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Sisi wafanyabiashara tumeuza rangi miaka mingi tukiwaza milango na mabati tu. Katika maadhimisho haya tunakiri kwamba vijana wa Mdandu, wa hekaluni na wa jirani, wanahitaji pia kopo, ubao na mwalimu. Ufundi unaofichwa huzikwa pamoja na fundi.